Soksi Nilizofuma Nikiwa na Magongo

Mguu wangu ulivunjwa na ng'ombe. Mimi ni dereva wa bodaboda; nilikuwa nimemshusha abiria kule Bonga na sasa narudi mjini Babati bila mtu nyuma, kundi likaanza kuvuka barabara ya Dodoma. Nikalisubiri lipite lote. Nilipoondoka, ng'ombe mmoja aliyekuwa amebaki upande wa pili akaamua kuwafuata wenzake. Nilichokumbuka baadaye ni kwamba pikipiki ilikuwa imenilalia, na mchungaji ananipa pole huku akimkagua ng'ombe wake. Ng'ombe hakuwa na hata mchubuko.

Aliyekuja kunichukua ni rafiki yangu wa kijiweni, pale tunaposubiria abiria. Alinipakia kwenye bajaji, akanishikilia mguu mpaka hospitali ili usitikisike, na aliendelea kunishika hata pale nilipomtukana kwa maumivu. Nilifungwa plasta ngumu kuanzia pajani, nikarudishwa nyumbani Nangara. Miezi yote niliyokaa ndani, yeye hakuacha kuja. Alikuwa anageuza ndoo, anakaa juu yake, ananisimulia nani kagombana na trafiki na nani kaanguka kwenye matope. Wengine walikuja mara moja na soda, basi.

Mke wangu anauza mboga sokoni, kwa hiyo asubuhi aliondoka nami nikabaki na dari. Tumepanga chumba kimoja kwenye nyumba yenye wapangaji wengine, na uani kuna wanawake wanaofua na kuongea kutwa nzima. Mwanaume mzima kulala ndani wakati wanawake wanafanya kazi nje ya mlango wako ni jambo linalokutafuna taratibu. Siku moja nikitafuta chaja chini ya kitanda nikavuta mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na nyuzi za sweta na sindano ya kufumia, ile yenye ndoano kwenye ncha. Mke wangu aliwahi kujiunga na kikundi cha akina mama kujifunza kufuma vitambaa vya makochi, akaacha hata kitambaa cha kwanza hakijafika nusu.

Nilianza kwa kukifumua kile kitambaa, nione kilivyoungwa. Halafu nikajaribu kukirudisha. Nilitazama video kwenye simu, sauti nimeiondoa ili uani wasisikie, nikawa natengeneza kitanzi, navuta uzi ndani yake, natengeneza kingine. Vidole vyangu vimezoea klachi na spana. Mwanzoni uzi ulikuwa unajifunga mafundo na mimi natoka jasho. Baada ya muda mkono ukazoea, na nikagundua kwamba nikiwa nafuma siwazi mguu, wala pikipiki iliyolala kwa fundi, wala lolote. Pazia nililishusha.

Mke wangu alinikuta na uzi pajani. Alirudi mapema kwa sababu ya mvua, akafungua mlango ghafla, na mimi nikasukuma uzi chini ya shuka kama mwizi.

"Unaficha nini?"

Nikamwonyesha. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka, akasimama, akafunga mlango kwa komeo.

"Usije ukamwonyesha mtu," alisema kwa sauti ya chini. "Wakikuona hivi watasema nimekulisha kitu."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Mimi nilijua watanicheka mimi. Kumbe yeye ndiye angeitwa mchawi, mwanamke aliyemwekea mumewe dawa kwenye chakula hadi akageuka kuwa mfumaji. Nikamwahidi kwamba haitatoka nje ya chumba.

Nilikuwa naanza kutembelea magongo wakati mke wa rafiki yangu alipojifungua mtoto wa kike, mtoto wao wa kwanza. Ilikuwa ile miezi ya baridi, upepo wa Babati unapita chini ya milango. Nikamwambia mke wangu kwamba yule mtoto nitamfumia kofia na soksi. Hakupinga. Ukweli ni kwamba hatukuwa na kingine cha kupeleka, naye alijua jinsi rafiki yangu alivyotusitiri.

Kofia haikunisumbua. Soksi ndizo zilizonitoa roho, hasa kisigino, kwa sababu lazima uzi ugeuke bila kuacha tundu. Nilifumua, nikarudia, nikafumua tena. Nilitumia uzi wa njano na mstari mweupe juu, pale mguu wa mtoto unapoingilia. Nilipomaliza nilizitia vidole vyangu ndani, nikazitembeza juu ya plasta kama mtoto anayejifunza kutembea. Nilikuwa peke yangu. Hata hivyo niliona haya, nikazivua haraka.

Tulienda kumwona mtoto Jumapili baada ya ibada. Sebule ilikuwa imejaa wanawake, wengi wa kutoka mtaani, na mama mkwe wa rafiki yangu alikuwa anagawa uji. Mke wangu akatoa zawadi. Kofia alivalishwa mtoto palepale, na zile soksi zilizunguka mkono kwa mkono. Kila mmoja alizigeuza, akazinyoosha, akaangalia ndani.

"Hizi si za dukani," alisema mzazi. "Nani kafuma?"

"Nimefuma mwenyewe," alijibu mke wangu.

Hatukuwa tumepanga hivyo. Hatukuwa tumepanga chochote. Rafiki yangu akasema, "Shemeji, kumbe una mkono namna hii!" Watu wakampongeza. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, magongo yameegemea ukuta, na nilipumua kama mtu aliyetua mzigo. Halafu nikajisikia vibaya kwamba nimepumua. Kazi ni yangu, sifa zinapita mbele ya pua yangu, na mimi nashukuru kwamba hazijanigusa.

Ingeishia hapo. Ila mle ndani kulikuwa na mama mmoja wa kile kikundi cha kufuma. Akamtazama mke wangu kwa muda.

"Wewe si uliacha hata kitambaa cha kwanza hujamaliza?"

"Niliendelea nyumbani."

"Basi tufundishe hicho kisigino. Mimi kila siku kinanishinda." Akafungua pochi yake, akatoa sindano na uzi, akamwekea mke wangu mapajani. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka kweli kufundishwa.

Mke wangu alishika sindano. Aliishika kama kalamu. Akazungusha uzi kwenye kidole, ukateleza, akazungusha tena. Mle ndani mazungumzo yakapungua. Nikaona masikio yake yanawaka. Aliinua macho akanitazama mimi, si kwa kuniomba kitu, alinitazama tu, na mimi nikainamia magongo yangu. Nilikaa hivyo kwa muda ambao hadi leo naona ulikuwa mrefu mno.

"Kafuma yeye?" aliuliza mama mkwe wa rafiki yangu, aliyekuwa amefuata macho ya mke wangu, akininyooshea mimi kidole.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuwa ndani tu na mguu. Nilikuwa sina la kufanya."

Rafiki yangu akacheka, na wote wakamfuata. Kilikuwa kicheko cha kawaida, cha watu waliokutana kwenye furaha. Lakini yeye alipoacha kucheka alimtazama mtoto wake, akamvua ile kofia taratibu, akaiweka kwenye mkono wa kochi.

Tulipofika chumbani nilimuuliza mke wangu kwa nini alisema amefuma yeye.

"Na wewe kwa nini ulinyamaza mpaka wakanipa sindano?"

Alilala ananipa mgongo.

Nilirudi kijiweni plasta ilipotolewa. Habari ilikuwa imenitangulia. Waliniita Bibi. Abiria akija, mmoja anasema, "Panda kwa Bibi, atakufumia na sweta mpaka ufike." Nilicheka nao, maana ukinuna ndiyo unaliwa. Rafiki yangu hakuniita hivyo hata siku moja. Wenzetu wakianza, alikuwa anajifanya anakagua mnyororo wa pikipiki yake. Kama angenitania ningeumia kidogo tu. Ule mnyororo wake uliniumiza zaidi.

Baba yangu alikuja kutoka Kiteto kuona mguu wangu. Yeye ni mtu wa mifugo, haongei sana. Nilimwamkia, akaitikia, tukakaa nje. Alikunywa chai yote kabla hajafungua mdomo.

"Nimesikia unafuma kofia za watoto."

"Ni kweli, baba."

Akaweka kikombe chini, akautazama mguu wangu.

"Mguu unauma ukikanyaga?"

"Asubuhi tu."

Hilo jambo hakulirudia tena hadi alipopanda basi. Ningependa angenigombeza. Nilimsindikiza stendi nikichechemea, naona aibu kwa ajili yake, kwamba huko kwao kuna watu watamuuliza na yeye hatakuwa na la kuwaambia.

Sindano niliitupa kwenye mfuko, sikuigusa. Kisha siku moja mchana, rafiki yangu akaja nyumbani. Hakuwa amekuja tangu ile Jumapili. Alikaa, akaulizia mguu, akasifia redio ambayo anaijua miaka yote. Nikasubiri.

"Soksi moja imedondoka," alisema mwishowe. "Mama yake alikuwa anatoka naye kliniki. Kwenye bodaboda, mguu wa mtoto uko nje, imedondoka. Amerudi akitembea kuitafuta, hajaiona. Analia, ndugu yangu. Anasema zile ndizo zinazokaa mguuni, za dukani zinachomoka."

"Kumbe anazivaa?"

"Anazivaa kila siku. Na kofia." Akakwangua kitu kwenye suruali yake. "Mimi nilimkataza, akaniambia nimfumie mimi nyingine basi."

Nikauvuta ule mfuko chini ya kitanda, nikaanza kufuma nyingine; uzi wa njano ulikuwa umebaki kidogo, ukaishia kwenye kifundo cha mguu. Sehemu ya juu nikamalizia na kijani. Alinisubiri. Kila uani kuliposikika hatua aligeuka kutazama mlango, na mimi nikawa nageuka naye. Wanaume wawili, mchana kweupe, tunaogopa soksi. Nilipomaliza aliitia kwenye mfuko wa ndani wa jaketi, akapandisha zipu hadi shingoni.

"Asante," akasema. "Kijiweni usiseme."

"Sisemi."

Nilimwonea aibu, na nikajionea aibu zaidi, kwa sababu alichoniomba ndicho nilichotaka na mimi.

Sasa mke wangu ni mjamzito. Nimeanza kufuma shali, nyeupe, na inaenda vizuri. Juzi aliniuliza watu wakija kumwona mtoto na kuuliza nani kafuma, awajibu nini. Nikamwambia aseme ni mimi. Jana akaniuliza tena, kana kwamba hakunisikia. Nilijibu hivyohivyo, lakini nilichelewa kidogo, na yeye alikuwa ananiangalia nilivyochelewa.