Betri ya Mzee Dadi

Mzee Dadi aliendesha Landkruza yake miaka kumi na tisa, Kibiti hadi Nyamisati na kurudi, akipeleka abiria wanaovuka kwenda kisiwa cha Mafia. Kiharusi kilipomshika mkono na mguu wa kulia, ufunguo akamkabidhi bintiye Hajira, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha usukani kwenye matope ya masika. Watu wa stendi walicheka wiki mbili, kisha wakazoea.

Mzee akabakiwa na jioni. Hajira akishaegesha gari uani, mzee husali alasiri, akajikongoja na fimbo, akapanda kwa taabu na kuketi kwenye kiti chake cha dereva. Hufungua redio na feni ndogo ya dashibodi. Husikiliza mawaidha, habari, na mpira ukiwapo. Tangu augue, usingizi ulikuwa karibu naye sana. Mara nyingi mkewe Subira ndiye aliyemwamsha kwa sala ya magharibi. Mzee mwenyewe huona kama ameketi dakika kumi tu.

Mwaka huu gari likaanza kugoma asubuhi. Hajira hupiga stata, likakohoa, likanyamaza. Majirani wakaja kulisukuma, abiria wakilalamika kwamba boti itawaacha.

“Alteneta hiyo, haichaji betri,” mzee alisema. “Mwite Mudrick aitazame.”

Mudrick, fundi umeme, alifika Jumamosi. Akapima hapa, akapima pale, mzee akimsimamia.

“Alteneta nzima kabisa, mzee wangu,” akasema. “Betri nayo imechakaa, lakini haijafa. Kuna kitu kinaunyonya umeme gari likiwa limezimwa. Jioni hapa huwa mnawasha nini?”

Hajira akainama kama anayetafuta spana. Subira akaingia ndani haraka. Hapo Mzee Dadi akaelewa. Dereva wa miaka yote ile, jambo ambalo angemfokea utingo wake mbele za watu, amelifanya yeye kila siku! Na mwanawe alikuwa anajua, akasukuma gari na kunyamaza.

“Hatuwashi kitu,” akajibu taratibu, akaenda zake barazani.

Jioni ile hakupanda garini, wala kesho yake. Alisema kiti kinamuumiza mgongo. Gari likawaka vizuri asubuhi tatu mfululizo, na Hajira hakufurahi hata moja. Kila akirudi anamkuta baba yake ameukalia mkeka, uso ameuelekeza ukutani.

“Mama, bora niwe nasukuma,” akamwambia Subira jikoni.

Siku ya nne alimfuata Mudrick karakanani. “Baba ndiye huwasha redio na feni jioni. Nikinunua betri mpya?”

“Na hiyo ataimaliza, dada. Mfungie ya pili, iwe yake. Tunaweka rilei katikati, swichi inayojiwasha na kujizima yenyewe. Gari likiwaka, betri zote mbili zinachajiwa. Likizimwa, zinaachana. Redio na feni zitakula ya pili tu. Ya kuwashia gari haiguswi.”

“Fanya. Ila uje ufungie nyumbani, yeye akiwapo.”

Mudrick alikuja na betri, nyaya nene na kitako cha chuma alichokichomelea mwenyewe. Mzee alitazama kwa mbali hadi alipomwona fundi akipitisha waya upande wa ekzosi. Hakuweza kuvumilia.

“Ewe! Huko utaungua huo!” Akanyanyuka, fimbo ikimtangulia. “Pitisha huku, uufuate ukuta wa injini. Pana tundu chini ya hiyo tepe nyeusi, nililitoboa mimi. Na fyuzi iweke karibu na betri, si huko mbali.”

“Tundu nimelitafuta saa nzima, mzee!”

“Ungeuliza.”

Kazi ikawa yao wawili, mmoja akielekeza kwa mkono wa kushoto, mwingine akikaza nati. Waya wa mwisho ulipofungwa, mzee akaitazama ile betri ya pili.

“Hajira, mwanangu, hii ya nini?”

“Ya kwako, baba.”

“Gharama yote hii, nisikilize redio?”

“Nikirudi nikakuta kiti hakina mtu, naona kama nimekosea nyumba.”

Mzee Dadi macho yakamlowa, akajifanya kuikagua temino ya betri. “Umenisukumia gari miezi mingapi, hata neno hukusema,” akanong’ona.

“Kwani wewe hukunisukumia, nilipokuwa najifunza?”

Jioni alipanda garini, Hajira akimshika kiwiko. Kisha naye akazunguka, akafungua mlango wa pili, akaketi na kikombe chake cha chai. Mzee akapunguza sauti ya redio.

“Haya, nambie. Ile kona ya baada ya daraja, wameshaijaza kifusi?”

“Bado, baba. Leo nimeipita kwa gia ya kwanza.”

“Umefanya vizuri. Na maji ya mto yamefika wapi?”

Hajira akaanza kumsimulia.