Pengo la Naserian

Naserian si mtu wa kulia ovyo. Alimzika mumewe kwa macho makavu. Lakini asubuhi ile mbuzi wake mwekundu, Nado, alipopiga tena kikombe teke na maziwa yote yakamwagika, alikaa papo hapo juu ya samadi akalia kama mtoto.

Ngoja niwaeleze, msije mkadhani ni maziwa.

Naserian ana miaka sabini na kitu na anaishi peke yake nje kidogo ya Kitengela, kwenye kipande cha shamba kilichobaki baada ya magorofa kuota pande zote. Si kwamba hana mtu. Mwanawe Lemayian ana nyumba kubwa kule Laiser Hill, na ndani yake kuna chumba cha mama, televisheni ukutani. Naserian alilala humo mara moja akasema ni kama kulazwa hospitali. Yeye anataka mbuzi wake, jiko lake, na jirani yake Nyakio, muuza mboga, wa kupigiana naye kelele juu ya ua.

Shida iliingilia mdomoni. Meno yake, ambayo maji ya kisima cha Rombo yaliyafanya ya kahawia tangu utoto, yalianza kulegea na kuoza. Akaacha mahindi ya kuchoma. Akaacha nyama. Akaacha hata sukuma wiki, akabaki na uji na chai. Na mzee akikaa peke yake, nani atajua amekula nini? Akisema ameshiba, ameshiba. Sketi ndiyo iliyomsaliti. Krismasi Lemayian alikuta mamake ameikaza kiunoni kwa pini.

"Yieyo, unakwisha," akasema. Hivyo ndivyo Wamaasai wanavyomwita mama. "Wewe si mtu wa kukaa peke yako tena."

"Hii si mambo ya kukaa peke yangu. Ni meno."

"Basi tutafute meno. Lakini Pasaka nikikupata bado ni uji tu, nakuja na pikapu. Unahama."

Wakakubaliana hivyo. Wakaenda kwa Muteti, daktari wa meno pale mjini. Visiki vikang'olewa, ufizi ukaachwa upone, kisha wakarudi kupimwa meno ya kubandika. Kila swali alijibu Lemayian. Muteti alipouliza mama alikuwa na meno namna gani hapa mbele chini, huyo huyo akadakia, "Daktari, jaza yote. Sitaki kuona pengo hata moja." Naserian alitaka kusema neno, lakini mdomo wake ulikuwa umejazwa donge laini la kupimia meno. Lilipotolewa, mazungumzo yalikuwa yameshaisha.

Hapo ndipo walipoharibu. Naserian alitolewa meno mawili ya chini mbele akiwa msichana mdogo, kama wenzake wote wa rika. Pengo hilo linaitwa embuata. Wazee walisema mtu akishikwa na ugonjwa wa kufunga taya, maziwa yatapitia hapo. Na wasichana walijua pia kwamba linapendeza. Lemayian, mtoto wa shule, hakutolewa. Aliliona pengo la mamake maisha yake yote akadhani ni jino limeoza likaanguka, kama mengine. Kijana wa chuo kikuu, jamani! Kuuliza si ujinga, lakini yeye hakuuliza.

Meno yakaja, meupe, yamejipanga kama mahindi kwenye gunzi. Kanisani wakamsifu. Lemayian alipoyaona akatokwa na machozi ya furaha, na machozi hayo ndiyo yaliyomfunga mamake ulimi.

Maana nyumbani mambo yalikuwa mengine. Ulimi wake ulizoea kupumzika kwenye lile pengo tangu utoto. Sasa ulikuta ukuta, ukasukuma, na meno ya chini yote yakanyanyuka. Chakula kikaingia chini yake, ufizi ukachubuka. Akiongea, mate yanamtoka. Na Nado je? Akimkama, Naserian alikuwa akipuliza penye pengo, siii, na mbuzi anatulia. Kwa meno mapya sauti haikutoka. Akiyavua, ni hewa tupu. Basi akayaweka ya chini kwenye kikombe dirishani, akarudia uji. Na Pasaka ilikuwa wiki ijayo.

Ndipo asubuhi ile akalia. Nyakio akasikia.

"Mama Lemayian! Nani amekufa?"

"Hakuna mtu. Ni hii meno. Iko na wageni wawili hapa chini, wamekaa kwa mlango."

Nyakio alicheka hadi akashika ua. Alipoyaona machozi akaja upande huu wa ua.

"Umeambia daktari?"

"Daktari si ndiye anajua meno?"

"Meno anajua. Mdomo ni wa nani? Chukua leso twende!"

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Muteti alisikiliza, akaona kidonda, akakuna kichwa, akamwita nyanya kwa Kimaasai.

"Koko, watu huja hapa niwaongezee. Wewe unataka nikutolee?"

"Mawili. Hapa na hapa."

Akacheka kidogo. "Susu wangu, yaani nyanya, huko Ukambani alikuwa amechonga meno ya juu. Angesikia nilikujaza pengo, angenichapa."

Akayatoa mawili, akalainisha mahali palipochubua. Akamwambia ayavue akilala, ayaoshe kwa maji baridi, asugue na ufizi. "Na ikiuma usivumilie, Koko. Kuja."

Pasaka, Lemayian alifika na pikapu. Alikuta nyumba wazi, mamake haonekani, na dirishani kikombe cha meno. Hakuchungulia ndani yake; alidhani meno yamo humo na mama bado ni uji tu. Alibeba godoro la mamake akalifunga kwenye gari, roho ikimuuma lakini ameamua. Alipokuwa akikaza kamba akasikia nyuma ya nyumba: siii. Mikono ikasimama. Hiyo ndiyo sauti iliyokuwa ikimwamsha akiwa mdogo.

Alimkuta Naserian na kikombe kimejaa maziwa, anacheka.

"Yieyo! Mawili imeanguka tayari? Nitaongea na huyo daktari!"

"Haijaanguka. Nilisema itolewe."

Akamkalisha, akaleta ubavu wa mbuzi uliochomwa. Lemayian hakula vizuri, alikuwa akimtazama mamake akitafuna mpaka mfupa ukabaki mweupe.

"Kwani hiyo pengo haikuwa ya kuoza?"

"Miaka hii yote ulikuwa unaniangalia wapi?"

Lemayian aliona aibu, na ilimfaa. Akatoka, akafungua kamba, akalirudisha godoro ndani peke yake, akalitupa kitandani.

"Kichwa changu hulala upande ule mwingine," Naserian akasema kutoka mlangoni. "Uliza kwanza."