Ndugu Wawili kwa Kila Chupa

Wewe, ndugu yako hajawahi kukuuzia afya? Siku hizi wanakualika semina. Enzi za Ujamaa, kijijini kwetu Kinyangiri, shangazi alituletea chupa za dawa ya kuongeza damu. Sharti lake: ukinunua, ulete ndugu wawili nao wanunue. Na wakati ule nani hakuwa ndugu? "Karibu, ndugu mwenyekiti!" Naye mwenyekiti wa kijiji akanunua. Neno lile, "ndugu", nalitamani mpaka leo.

Kisha bibi, aliyeumwa kifua, akasukuma kando vidonge vya zahanati, akachukua chupa ya shangazi.

"Vile ni vya watu. Hii ni ya mwanangu."

Shangazi akaziba mdomo wa chupa kwa kiganja.

"Mama, meza vidonge. Hii ni asali na maji ya chai. Nimechanganya mwenyewe."