Mwito Mmoja Uani kwa Fundi Mcha

Fundi Mcha alikuwa mtu wa kuitika upesi. Ukimwita kwa sauti ndogo kutoka mwisho wa kichochoro, yeye keshasema "Naam" kabla hujalimaliza jina lake. Watu wa mtaa wetu wa Ng'ambo hawakuipenda tabia hiyo. Kwetu, mtu akisikia jina lake na hamwoni anayemwita, hunyamaza mpaka aitwe mara ya pili, kwa sababu jini huita mara moja tu. Mcha naye zamani alikuwa akinyamaza hivyo, mpaka mwaka ule wa gari la Salem.

Salem bin Hamoud alikuwa na mashamba ya mikarafuu upande wa Mangapwani, na gari la mota la kuletea mizigo mjini. Alilinunua likiwa kuukuu tayari. Dereva wake, Borafya, alikufa nalo. Lilizimika njiani, akashuka kuizungusha injini kwa mpini wa chuma ili iwake, ikapiga kinyumenyume na mpini ukamvunja kifua. Baada ya hapo hakupatikana mtu wa kuliendesha.

Mcha, ambaye alijifunza kazi kwenye mashine za kukamulia mafuta ya nazi, alilifungua akaiona sababu. Mbele ya injini palikuwa na magurudumu mawili ya meno, la chini likiliendesha la juu kwa mnyororo, ili kila kitu ndani kifunguke na kuwaka kwa wakati wake. Mnyororo ulikuwa umelegea na kuruka meno, moto ukawa unawaka kabla ya wakati.

Mnyororo mpya ulipofika kwa meli, Salem alitaka kazi ifanywe ghalani kwake, mtaa wa Malindi. Mcha akamwomba gari lipelekwe nyumbani. Mkewe, Mwatima, alikuwa na mimba ya miezi minane, na walikwisha kuzika watoto wawili. Bi Kidawa, mkunga wao, alikuwa amemwonya asimwache mwanamke yule peke yake.

Hamali wanne wakalisukuma gari kupita Darajani mpaka uani kwake.

"Bi Mwatima, toka umpokee mke mwenzio," mmoja wao alisema.

"Nshamwona," alijibu Mwatima mlangoni. "Mzito kuliko mimi. Huyu atazaa pacha."

Bi Kidawa, aliyekuja kumwangalia Mwatima, hakucheka. Alilizunguka gari na chetezo cha ubani, akasema kitu kilichoua mtu hakilazwi uani kwa mwenye mimba. Mcha akamjibu kwa upole kwamba kazi ni ya siku moja tu.

Siku hiyo ilipofika saa sita, jua la utosi, mtaa mzima ulikuwa kimya. Hata kuku walikuwa wamejificha. Mcha alikuwa amepiga magoti mbele ya injini, mnyororo wa zamani keshautoa. Kila gurudumu lilikuwa na alama iliyochongwa, na alama hizo mbili lazima zitazamane. Gurudumu moja likisogea, mpini ungeweza kuua mtu mwingine. Alilifunga la juu kwa kamba, la chini akalikaza kwa kidole gumba, akaanza kuupitisha mnyororo mpya.

"Mcha."

Sauti ilitoka karibu. Haikuwa kubwa wala ya haraka, na hakuweza kujua kama ni ya mwanamke au ya mwanamume. Ilikuwa kama ya mtu anayemwamsha aliyelala. Akageuza kichwa. Uani hapakuwa na mtu. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, ndani kiza. Kamba iliyofunga gurudumu ilikuwa ikitikisika, na upepo haukuwapo.

Alingoja mwito wa pili huku akisoma aya moyoni. Haukuja. Basi akarudi kwenye kazi yake. Akauvika mnyororo, akapigilia pini ya kiungo cha mwisho, akazihakiki alama mara tatu. Muda uliopita ungetosha kuivisha chungu cha wali. Kisha akazungusha mpini, na injini ikawaka bila kukohoa.

Akaingia ndani kumpa mkewe habari. Mwatima alikuwa sakafuni kando ya mtungi wa maji, kanga zimelowa damu, macho wazi.

Alimbeba akamtia garini, akaliendesha mwenyewe mpaka Kikwajuni kwa Bi Kidawa. Mama aliokoka. Mtoto, wa kiume, alitoka hana pumzi. Bi Kidawa aliuliza mgonjwa alilala chini kwa muda gani.

Siku nane baadaye alikaa chini kando ya kitanda akamwomba mkewe radhi. Akamweleza kwamba alimsikia akimwita, akadhani ni jini, akaogopa kuitika.

"Mimi sikukwita, bwana," alisema Mwatima. "Nilipoanguka sauti ilinikauka. Nilimsikia mwanamume uani akikwita, nikashukuru kuwa yupo mtu aliyeniona. Nikawa nangoja umwitike."