Mkanda wa Presha Usionitosha

Nimekutana na watu wengi wenye dharau, lakini mkunga wa kliniki niliyohudhuria mtaani Rhonda nikiwa na mimba ya kwanza aliwapita wote. Mizani aliiweka mlangoni, ikitazamana na benchi la wajawazito. Ukipanda, anasoma kilo kwa sauti ili mwenzake aliyeketi ndani aandike. Benchi zima lilijua kilo zangu kabla sijavaa viatu.

Kwake kila shida yangu ilikuwa na jina moja. Mgongo ukiuma, ni unene. Nisipolala, ni unene. Ushauri wake ulikuwa niache chapati, basi. Nile nini badala yake, hakuwahi kusema. Eti hayo ndiyo aliyosomea.

Mimba ilipofika mwezi wa nane nilienda na kichwa kinachogonga, na miguu imejaa hadi nimevaa slipa za mume wangu. Akanifunga mkanda wa presha mkononi. Haukutosha, ukafunguka. Akajaribu tena, ukafunguka tena. Mtu mwenye akili angetafuta mkanda mkubwa. Yeye aliukunja akaurudisha kwenye boksi.

"Mama, hii ni ya watu wa kawaida. Punguza mwili, tutakupima siku ingine."

Nikamwambia miguu imevimba.

"Hiyo si kuvimba. Ni mafuta."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na aibu, na majirani wakanisifu kwamba mimba imenipa afya. Wiki hiyo hiyo macho yakaanza kuona giza. Mume wangu akanikimbiza hospitali kubwa ya mjini. Huko mkanda wa kunitosha ulikuwepo, na walipoona presha ilivyopanda hawakuniambia lolote kuhusu chapati. Walinipeleka moja kwa moja kupasuliwa. Sijawahi kuogopa hivyo. Nilijua mtoto anaweza kutolewa akiwa amekufa.

Alitoka hai, mdogo sana. Nilipompeleka chanjo, mkunga yule yule akasoma kilo zake kwa sauti, kisha akanitazama juu hadi chini.

"Mama mkubwa hivi, mtoto mdogo hivi. Chakula yote ulikula peke yako?"

Wengine wakacheka. Nikamjibu, nami kwa sauti ya kufika mwisho wa benchi, kwamba mtoto alitolewa kabla ya wakati kwa presha ambayo yeye alikataa kunipima. Akaita anayefuata.

Aliyeinuka alikuwa mjamzito mnene kunishinda. Alifika kwenye mizani, akakataa kupanda.

"Nipime presha kwanza, daktari."