Bwana Mkia

"Nyie wenzangu waume zenu wanawashika mkono," Shangazi alitamba kwenye harusi ya mdogo wake, kipaza sauti kikikoroma. "Wangu ananishikia mkia. Ndiyo maana mpaka leo sijaanguka!"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Mumewe akasimama na kupunga mikono kama mbunge aliyepita bila kupingwa. Tangu siku hiyo mtaa mzima unamwita Bwana Mkia, na jina lilimkaa kuliko suti aliyovaa.

Wasiojua walidhani ni mambo ya chumbani. Ilikuwa kazi. Shangazi anarusha glaida, ndege isiyo na injini. Gari linaivuta kwa kamba mpaka inapaa, kisha inaachia kamba na kuelea juu ya hewa ya joto inayopanda. Ikishatua inavuliwa mabawa na mkia, inalazwa kwenye tela kama kitanda kilichofunguliwa, inarudi nyumbani. Siku ya kuruka inaungwa upya, na kwenye kuunga ndiko ajali nyingine huanzia. Kibawa cha mkiani, kinachopandisha na kushusha pua, kinaweza kukaa kimependeza kabisa kumbe hakijaunganishwa na chochote.

Kwa hiyo warusha glaida wana utaratibu wao. Fimbo ya kuongozea inafungwa kwa mkanda wa kiti isisogee. Mtu anakwenda nyuma, anakamata kibawa kwa viganja viwili na kukisukuma. Kikibisha, kimeshikamana na fimbo, ruka. Kikicheza, hakuna safari. Kuangalia kwa macho hakuhesabiki.

Jumamosi ile mimi ndiye niliyekuwa abiria, kiti cha mbele. Nilikuwa nimewatangazia watu wote ninaowadai na wanaonidai kwamba naenda angani. Shangazi alikuwa ananikaza mikanda mpaka pumzi ikaniomba ruhusa.

"Baba, mkia vipi?" akaita bila kugeuka.

"Kinabisha!" mumewe akajibu kutoka nyuma, simu sikioni.

Shangazi akafungua fimbo, akaingia kiti cha nyuma yangu, akafunga kioo. Gari likavuta. Nyasi zikaanza kukimbia, nami nikaanza kutubu kwa mafungu. Ghafla nikamsikia Shangazi akisema polepole, kama mtu aliyeonja chai isiyo na sukari:

"Mbona fimbo nyepesi hivi?"

Pale mbele yangu kamba ikachomoka. Alikuwa amevuta kishikio cha kuiachia. Tukaendelea kuserereka, tukaegemea bawa moja, tukasimama majanini. Hatukuwa tumepaa hata urefu wa kuku.

Akashuka. Nikashuka pia. Mumewe alikuja mbio.

"Kuna nini, mama?"

"Ulishika?"

"Nilishika."

"Shika tena."

Akakigusa kwa kidole. Kibawa kikapanda, kikashuka, kikapanda, kama sikio la mbuzi anayefukuza nzi. Pini ya kukifungia ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake. Mimi niliiona kabla yake.

"Simu iliita," akasema. "Nikajua nimeshaiweka."

Mambo yangeishia hapo, ningekuwa nasimulia habari nyingine. Shangazi alishaanza kupumua. Kusahau pini mtu anasamehewa.

"Na siku nyingine zote," akauliza, "ulikuwa unashika?"

Mumewe akatazama viatu vyake.

"Mke wangu, si mimi mwenyewe ndiye ninayekifunga? Nishike nini tena? Wewe ukisikia 'kinabisha' roho inatulia. Ndiyo maana huwa nasema."

Shangazi hakupiga kelele. Alikitazama kibawa, akamtazama yeye, kwa macho yaleyale.

"Watoto wetu wote wawili nimewapandisha humu," akasema. Basi.

Tulirudi tumebanana kwenye pikapu, mimi katikati kama mto wa kochi.

Hawajaachana. Wanakula meza moja, na akikohoa anachemshiwa maji. Ila kwenye harusi ya juzi mshereheshaji alimpa Shangazi kipaza sauti, watu wakapiga makofi wakisubiri ile ya mkia. Akampasia mtu wa pembeni.

Bado anaruka. Mkia unashikwa na fundi matairi wa jirani na uwanja. Anatoza elfu tano kwa kila kuruka.