Miguu ya Mpiga Pasi

Dada yangu mkubwa alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli. Chumba chenyewe hakina dirisha, mvuke umetanda, sakafu ya saruji, na kiti hakuna, maana msimamizi aliamini anayekaa hafanyi kazi. Dada alisimama humo ujana wake wote, na mimba zake zote. Shuka aliyoinyoosha yeye, nzi angeteleza.

Mishipa ilianza kumtoka kwenye mimba ya kwanza. Kila mtoto akaiongeza, hadi ikajisokota chini ya ngozi kama kamba iliyotupwa ovyo. Jioni miguu ilivimba na kuwaka moto. Akaificha kwa soksi ndefu na sketi ya kufagia ardhi. Jirani mmoja alisema ni baridi, mwingine akasema ni mkono wa mtu.

"Dada, mficha maradhi kilio humuumbua," nikamwambia.

"We na mdomo wako! Ungekuwa pasi, ungeunguza shuka zote."

Mwishowe nilimburuta hospitali. Daktari alimsimamisha, akapitisha kifaa cha picha mguuni, tukasikia damu ikivuma. Akatueleza kwamba damu ya mguuni hupanda kurudi moyoni, na ndani ya mishipa mna vilango vinavyoizuia isishuke. Vya dada vilikuwa vimelegea, damu inatuama. Kusimama sana kumechangia, mimba pia, na hata kurithi. Nikaikumbuka miguu ya marehemu mama. Daktari alimpa dada soksi maalumu za kubana, akamwambia atembee, alale ameinua miguu, na akampangia siku ya kuja kuzibwa mshipa mbovu kwa joto.

Kisha akagusa juu ya kifundo, ngozi ilipokuwa nyembamba na nyeusi.

"Mama, hapa panaweza kupasuka. Huenda usisikie maumivu, lakini damu itatoka nyingi. Usisimame, usikae. Lala chini hapo hapo, mguu juu, mtu abonyeze kwa kitambaa safi, mengine mtuachie sisi. Hebu lala nikuonyeshe."

Dada akaishika sketi yake kwa mikono miwili. "Nimeelewa, daktari."

Njiani akanigeukia. "Mimi nilale chini kazini, miguu hewani, mbele ya wanaume? Bora nife." Tukacheka wote wawili.

Mshipa ulipasuka kabla ya siku aliyopangiwa, akiwa mbele ya pasi. Zamu ile wenzake wote walikuwa wanaume. Walinisimulia wenyewe msibani, watu wema, huku wakilia. Waliona damu sakafuni, wakamwona dada akielekea chooni bila kusema neno. Wakadhani ni mambo ya kike. Kwa heshima wakageuza macho, na mmoja akapangusa sakafu upesi ili mama wa watu asiaibike akirudi. Alipokawia wakavunja mlango, wakamkuta amefariki ameketi, sketi ameishusha hadi vidoleni.

"Kwani kulala chini tu kungemwokoa?" msimamizi aliniuliza.

Nikamwambia ndiyo, kulala chini, na mtu mmoja wa kumbonyeza. Sikumlaumu, ila moyoni niliichukia heshima ile yote, yao na ya dada.

Baada ya mazishi nilimwona binti wa dada akiosha vyombo. Nyuma ya goti mshipa umeshaanza kuchomoza, wa buluu, na yeye ameshaanza kazi ya kusimama dukani.

"Si kitu, mama mdogo," akasema, akaivuta sketi chini.

Nilimshika mkono hadi sebuleni. Baba yake na kaka zake walikuwepo. Nikamlaza sakafuni mbele yao, kisigino nikakiweka juu ya kiti, nikabonyeza kitambaa kwenye kifundo. Nikawaambia hivi ndivyo inavyofanywa. Binti akajifunika uso kwa viganja. Kaka zake wakainamisha vichwa. Shemeji akainuka taratibu, akaelekea mlangoni.

"Shemeji, rudi. Huyu ni mwanao, mtazame."

Alisimama mlangoni, ametugeuzia mgongo. Kisha akarudi, akapiga magoti, akaniondoa mkono na kuweka wake. Akabonyeza. Hapakuwa na damu hapo, ni ngozi ya msichana tu, nzima kabisa.

"Baba, unaniumiza," binti akasema.

Hakuachia.